Magogo Kumi na Sita ya Mukau

"Mnunuzi atakuja Jumamosi baada ya adhuhuri," Abdulatif alisema, akazitupa funguo zake mezani kama mtu aliyemaliza kazi. "Anatoka Katangi. Atatoa laki moja na themanini, pesa mkononi. Gari lenye mkosi likikupa hiyo, wewe shukuru tu."

Swabra alikuwa jikoni akikanda unga wa mahamri. Nyumbani kwao mtaa wa Mjini, hapo Machakos, kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua tatu, kwa hiyo alisikia kila neno, na Abdulatif alijua kwamba anasikia. Ndiyo maana alipandisha sauti. Alimngojea Yasin mumewe ajibu. Yasin alikuwa kwenye kochi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, mkongojo umeegemezwa ukutani.

"Sawa, kaka," Yasin akasema.

Sawa, kaka! Mwanamume aliyeendesha gari miaka kumi na saba, aliyejua barabara zote kutoka Mwala hadi Matuu, mdomo wake umebaki na maneno mawili. Swabra alipangusa mikono kwa kitenge akatoka jikoni.

"Shem, Probox mpya kidogo kuliko ile inauzwa mara tatu ya hiyo pesa."

"Hizo ni zile zinatembea," Abdulatif akamjibu bila kumtazama. "Hii imekaa miezi minane hapo nje. Kuku wanataga ndani. Na kila mtu hapa anajua ilimfanya nini ndugu yangu. Ile siku ilimuangukia, watu walisema wazi: hiyo ni jicho. Mtu aliona mnaendelea vizuri, akawatupia jicho."

"Na ikitembea Jumamosi?"

"Itatembeaje? Breki zilibaki nusu, hazijafungwa. Ni lazima iinuliwe. Nani ataiinua? Nitajie fundi mmoja Machakos hii ataingia chini ya hiyo kitu."

"Mimi."

Abdulatif alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo. Alimgeukia ndugu yake wacheke pamoja, lakini Yasin alikuwa akitazama vidole vya mguu wake. "Haya," Abdulatif akasema akiokota funguo. "Ikitembea Jumamosi, mimi mwenyewe nitamwambia yule bwana arudi Katangi. Mbele ya watu." Akatoka akiwa bado anacheka, na kicheko chake Swabra alikisikia mpaka langoni.

Msomaji asidhani mama huyu alikuwa anatafuta sifa. Alikuwa akipika mahamri ya kantini mbili za viwanda kule Mavoko. Zamani Yasin aliyapeleka kwa Probox kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Tangu ajali, ndoo zilikwenda kwa bodaboda. Wiki mbili zilizopita ndoo moja ilichomoka pale Kyumvi, mahamri mia moja na arobaini yakatawanyika lamini, na mwenye pikipiki akasema, "Pole mama, lakini hata wewe hukufunga vizuri." Swabra, aliyekuwa amepanda nyuma, aliyaokota moja moja huku magari yakimpigia honi. Msimamizi wa kantini alimpokea mikono mitupu akamwambia kwamba akikosa tena, yuko mama mwingine wa Mlolongo ambaye ana gari. Gari likiuzwa Jumamosi, kantini zimekwenda, na laki na themanini itaisha kwa kodi na dawa kabla ya mvua za Novemba. Hilo Swabra alilijua kama alivyojua kiasi cha hiliki.

*

Nje, karibu na bomba la maji, kulikuwa na nusu ya jiwe la kujengea. Watu wa plotini, wapangaji wenzao, walikuwa wakiweka ndoo juu yake. Swabra alilibeba, akaliingiza ndani likiwa bado linatiririka maji, akaliweka juu ya meza mbele ya mumewe, juu kabisa ya kitambaa cha kufuma.

"Hili ndilo jicho la watu," akasema.

"Rudisha nje hiyo kitu."

"Angalia lilivyopasuka, Baba Asmaa. Angalia. Limekatika kama keki. Haya mawe wanakata na msumeno huko machimboni kama mkate. Ni laini. Ya kujenga ukuta ni sawa, yanabebana. Lakini kuweka gari juu ya moja, limesimama wima..."

"Nimesema rudisha."

Kila nyumba Machakos ina mawe mawili matatu ya aina hiyo yaliyobaki ujenzi ulipokwisha. Yanazuia lango, yanashikilia mabati, yanakaliwa na wageni. Na gari likitaka kuinuliwa, mtu anaokota lililo karibu, analisimamisha, anashusha jeki, anaingia chini. Kila mtu anafanya hivyo. Linashika leo, linashika kesho, na siku linapopasuka halitoi hata mlio wa kukuonya. Siku ile lilipasuka Yasin akiwa ameingiza mguu chini ya gari hadi pajani, pedi mpya za breki ziko bado kwenye boksi. Waliokuja kulinyanyua walisema ni jicho. Walisoma dua. Hakuna aliyelitazama jiwe.

"Nani aliliweka?" Swabra akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, na alipouliza tu alijua kwamba amefungua mlango ambao wote wawili walikuwa wameuegemea miezi minane.

Yasin alinyanyuka kwa mkongojo. Uso wake ulikuwa umekauka. "Ukiinua gari hapa," akasema, "mimi nitaenda kukaa kwa Abdulatif. Sitakaa hapa kuangalia maiti yako ikitolewa."

Alimpenda, ndiyo maana alisema hivyo. Lakini pia alikuwa anaogopa kitu kingine, na Swabra alikijua. Jicho la watu lilikuwa limembebea mumewe mzigo mzito. Ukimwondolea jicho, mzigo unabaki wa nani? Alilirudisha jiwe nje. Asubuhi yake alipiga moyo konde akavaa buibui akatoka.

*

Fundi Ndunda alikuwa akitengeneza vitanda karibu na soko. Alikuwa Mkamba wa kule Mwala, mtu wa maneno mengi, mbao zake zimepangwa kwa aina. Swabra alipita mikaratusi na misindano bila kuisimamia. Akaenda moja kwa moja kwenye mukau, ile mbao ngumu ya Ukambani.

"Hii mukau ni ya miti ya zamani?"

"Ya zamani kabisa, mwaitu. Hii hata mchwa inakula inalia. Unataka kitanda?"

"Nataka magogo. Inchi nne kwa nne, urefu futi mbili. Kumi na sita. Yawe sawasawa pande zote, yasicheze yakipangwa."

Ndunda aliweka randa chini. "Nimetengeneza kitanda, nimetengeneza jeneza, nimetengeneza mpaka mimbari ya kanisa. Hii ni ya nini?"

"Ya kushika gari."

"Asi! Gari?" Akaangalia nyuma ya Swabra kama mtu anayetafuta mwenzake aliyefichwa. "Na mzee ako wapi? Mwenye gari?"

Hilo swali alikuwa ameulizwa mara tano tangu Abdulatif amcheke Jumatano. Muuza vipuri alimuuliza. Mtu wa kuchaji betri alimuuliza. Muindi wa magurudumu, alipoomba kukodi jeki yake kubwa ile ya kusukumwa, alimwambia, "Mwambie mzee akuje achukue mwenyewe. Jeki si sufuria."

"Sufuria nazo huanguka," alikuwa amemjibu Muindi. "Nabeba za watu mia mbili, miaka ishirini sasa, sijaangusha hata moja. Nipe jeki." Muindi alimpa, lakini ilimbidi Swabra aache kitambulisho chake pale, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kuombwa kibandani hapo.

Sasa alimtazama Ndunda machoni. "Mzee yuko nyumbani. Mwenye kuinua ni mimi. Sema kama gogo hili litashika."

Ndunda aliona haya kidogo. Alichukua kipande cha mukau, akakigonga kwa nyundo, akakisikiliza. "Ukipanga mbili hivi, mbili zingine hivi juu yake zikikata zile, tena hivi, tena hivi, kila upande nane," akaonyesha kwa mikono, "hapo hata lori nitalala chini yake mimi. Mukau haipasuki ghafla. Ikichoka itakuambia, italia. Si kama ile mawe." Akamtazama vizuri. "Wewe ni bibi ya yule dereva?"

"Ndiye mimi."

Alikata magogo siku hiyo hiyo, akayapiga randa, na alipomaliza akamwongezea klampu yake ya chuma ya kubania mbao. "Ya kurudisha ile pistoni ya breki ndani," akasema. "Utanirudishia Jumatatu. Usiikodi. Nenda nayo tu."

*

Jumamosi jua lilipanda mapema. Gari lilikuwa juu ya udongo, na udongo haufai, jeki huzama. Sakafu ya saruji ilikuwa moja tu plotini, pale wanawake walipofulia. Swabra alikwenda kwa Nzembi, jirani wa chumba cha tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Naomba saruji yenu mpaka alasiri."

"Na nguo zangu?"

"Nitakufulia mimi mwenyewe kesho. Zote. Na mablanketi."

Nzembi alimtazama, akatazama Probox, akatema mate pembeni. "Ngai. Na utaisukuma na nani? Wanaume wa hii ploti wote wametoka waliposikia. Wanaogopa jicho." Akakunja mikono ya sweta. "Mimi jicho likinitazama, nitalirudishia."

Waliomsaidia walikuwa wanawake sita na kuku mmoja aliyekuwa akidai mayai yake. Magurudumu yalikuwa yamejazwa upepo tangu Ijumaa, na betri imerudishwa ikiwa na chaji. Gari lililia, likasogea, likapanda saruji. Swabra alivuta breki ya mkono, akalitia gia, kisha akasukuma vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, akavigonga kwa nyundo hadi vikakaza. Asmaa, binti yao wa kidato cha tatu, alipewa kazi moja: asimruhusu mtu yeyote kuligusa gari.

Yasin hakuwa amekwenda kwa Abdulatif. Alikaa dirishani, pazia limefungwa nusu.

Swabra alisukuma jeki katikati chini ya pua ya gari, akapapasa mpaka akakipata kile chuma kinene kinachobeba injini, akaanza kupiga mkono wa jeki. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Pua ya gari ikaanza kuinuka.

"Nati!"

Kila mtu aligeuka. Sauti ilitoka dirishani.

"Legeza nati kwanza magurudumu yakiwa chini! Unataka kuvutana na spana gari ikiwa juu?"

Swabra alilishusha. Aliona aibu, maana alijua jambo hilo na alikuwa amelisahau kwa hofu. Alilegeza nati za pande zote mbili, akikanyaga spana kwa mguu, buibui limefungwa kiunoni. Pazia la dirisha likafunguka likabaki wazi.

Gari likapanda tena. Swabra alipanga magogo chini ya zile alama mbili za ukingoni, nyuma ya magurudumu ya mbele, pale ambapo bati limefanywa nene kwa kazi hiyo. Mawili hivi, mawili yakiyakata. Nane kulia, nane kushoto. Kisha akashika mkono wa jeki, akaanza kuishusha pole pole, uzito utoke kwenye jeki uingie kwenye mukau.

Gari lilikaa. Kisha gogo mojawapo likalia: ka!

Wanawake walitawanyika. Asmaa alipiga kelele. Nzembi, yule wa kulirudishia jicho, alijikuta nyuma ya tangi la maji. Swabra alirudi nyuma hatua mbili, mikono hewani. Hakukimbia. Alisimama akatazama. Gari halikushuka hata unywele. Mbao zilikuwa zimejikaza tu zenyewe kwa zenyewe.

Mlango ulifunguka. Yasin alitoka na mkongojo wake, akavuka ua mbele ya watu wote, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu arudi kutoka hospitali. Alisimama mbele ya gari. Walitazamana, yeye na lile gari, kama watu waliokuwa wamekosana.

"Nani ameangalia kama imekaa?" akauliza.

"Nilikuwa naenda kutikisa."

"Wewe huna uzito." Akampa Asmaa mkongojo. Akaweka mikono miwili kwenye boneti, akajiegemeza na mguu mzima, akasukuma. Gari halikuyumba. Akasukuma tena. Akalipiga bega, akalitikisa upande mmoja, akalitikisa upande wa pili, na sasa haikuwa tena kupima, ilikuwa hasira. Alilipiga kwa ngumi. Alilitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba cha sokoni, mpaka Nzembi aliziba masikio ya Asmaa. Jasho lilimtoka, machozi nayo yalimtoka, na magogo kumi na sita ya mukau hayakusogea.

Alipochoka aliegemea boneti, anahema. Swabra alikuwa pembeni yake.

"Jiwe nililiweka mimi," Yasin akasema. Aliongea na boneti, si na watu. "Nilijua ni laini. Baba yangu mwenyewe aliniambia. Nilikuwa na haraka, nikasema dakika kumi tu. Hakuna mtu alinitupia jicho. Ni mimi."

"Najua," Swabra akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nililiokota mimi."

Akamtazama. Alikuwa anangojea lawama, na Swabra hakuwa na lawama. Alikuwa na hasira ya miezi minane, hilo ni kweli, lakini hasira hiyo haikuwa kwa jiwe wala kwa aliyeliweka. Ilikuwa kwa yale maneno mawili, sawa, kaka. Akamwambia hivyo, waziwazi, wanawake sita wakisikia. Yasin akainamisha kichwa, akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mvua za mwaka uliopita.

"Toa gurudumu," akasema. "Lilaze chini ya gari hapo pembeni. Gari ikianguka, ianguke juu yake kwanza."

*

Walifanya kazi mpaka baada ya adhuhuri. Pedi zilikuwa bado ndani ya boksi lake, kwenye buti, chini ya manyoya ya kuku. Yasin alikaa kwenye kiti cha plastiki akielekeza, na alipochoka kuelekeza alishuka chini sakafuni, mguu mbovu umenyooka, akashika klampu ya Ndunda mwenyewe akairudisha pistoni ndani. Swabra alikuwa upande wa pili, mikono imejaa kutu na grisi. Wanawake walimpitishia spana, na hakuna aliyeuliza tena mzee ako wapi.

"Baba Asmaa," Swabra akamwambia kwa chini ya gari, "utaendesha?"

"Mguu haujaweza. Utaendesha wewe. Leseni si unayo?"

"Ninayo. Ulikuwa hunipi gari."

"Basi nimekupa," akasema. Kisha akajisahihisha. "Umejipa."

Honi ilipigwa langoni. Abdulatif aliingia mbele, kanzu nyeupe, akifuatwa na bwana mmoja mfupi mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe. Gari la huyo bwana, pikapu ya rangi ya damu ya mzee, lilikuwa limeegeshwa langoni likaziba njia yote. Abdulatif alitembea hatua nne, akaona Probox iko juu ya magogo, akaona miguu ya ndugu yake imetokeza pale palipotolewa gurudumu la mbele.

"Yasin! Lahaula! Toka hapo! Umerukwa na akili? Mama Asmaa, unataka kuniulia ndugu mara ya pili?"

"Mara ya kwanza hakuna aliyeniua," sauti ya Yasin ikatoka hapo chini. "Nilijiangushia mwenyewe. Kaka, usikanyage hizo nati."

Mnunuzi alizunguka gari akilitazama kwa macho ya mtu anayehesabu. Alipiga teke gogo moja kwa ncha ya kiatu, akaumia, akajifanya hakuumia. "Laki na themanini na tano," akasema. "Kwa sababu mmeanza kazi."

Swabra alirudisha magurudumu, Yasin akarudisha nati kwa mkono, moja baada ya nyingine zikikingamana. Jeki ikapanda, magogo yakatolewa, gari likashuka likakanyaga saruji. Nati zikakazwa kwa nguvu. Swabra alilihesabu kila gogo alipolipanga ndani ya buti, kwa sababu sasa yalikuwa mali.

Akaingia kwenye usukani. Yasin akaingia upande wa abiria, mkongojo katikati ya magoti.

"Kanyaga breki kwanza," akamwambia. "Tena. Tena. Mpaka uisikie imekuwa ngumu."

Alikanyaga mara saba. Kisha akawasha. Injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi uliompata Abdulatif na kanzu yake sawasawa, ikashika. Nzembi alipiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa Muindi wa magurudumu. Swabra aliliendesha gari kutoka sarujini hadi katikati ya ua, akakanyaga breki. Likasimama pale pale.

Abdulatif alikuwa amesimama akijipangusa. Kila mtu plotini alikuwa akimtazama yeye, maana kila mtu alikuwa amesikia alichokisema Jumatano. Chumba kile hakikuwa na kuta nene. Alikohoa. Alimgeukia mnunuzi, akasema kwa sauti ndogo mno kwa mtu kama yeye, "Bwana, samahani. Haiuzwi."

"Hatukusikia!" Nzembi akaita kutoka kwenye tangi.

"Haiuzwi!"

Mnunuzi alifungua mdomo. Lakini Swabra alikuwa ameshateremsha kioo, kiwiko kiko nje, vidole vyeusi kwa grisi vikigonga mlango.

"Naomba usogeze pikapu yako," akamwambia. "Tunatoka."